Mzinga Hauna Jicho

Paris, Jumapili ya Matawi, 24 Machi 1918

Kosa wanalolifanya watu wengi kuhusu mzinga wa masafa marefu ni kudhani kwamba unamwona mtu. Tangu jana nimelisikia kosa hilo ngazini, kwenye foleni ya mkate, na leo mlangoni mwa kanisa. "Walikuwa wanalenga stesheni." "Wapi! Walikuwa wanamlenga waziri." Hawakumlenga yeyote. Mtu akisimama nyuma ya ukuta mrefu akarusha mawe upande wa pili, sokoni, hajui jiwe litampata nani. Anachojua ni kwamba leo ni siku ya soko, na hicho kinamtosha.

Jana asubuhi tulidhani ni ndege. Ving'ora vililia, wapangaji wote tukateremka kwenye ghala la makaa chini ya jengo, tukakaa tunatazamana. Juu anga lilikuwa safi, hakuna hata mngurumo wa injini. Kishindo, kisha kimya cha karibu robo saa, kisha kishindo tena. Bwana Wendling, fundi saa wa ghorofa ya nne, alikuwa ameshika saa yake mkononi.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hakuna rubani mwenye nidhamu namna hii."

Alikuwa sahihi. Jioni tukaambiwa ni mzinga, na uko nyuma ya majeshi ya Wajerumani, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa.

Mama Blavette, bawabu wetu, hakukubali. "Kilomita mia! Marehemu mume wangu alikuwa mpiga mizinga, Mwalimu. Alipiga kilomita nane tu, akajisifu mpaka Krismasi."

Nikamweleza. Kombora hili halirushwi mbele, hurushwa juu, mpaka mahali ambapo hewa ni nyembamba mno kulizuia. Hukaa huko dakika kama tatu, na dakika zote hizo dunia inazunguka chini yake, hata mpigaji lazima aingize mzunguko huo katika hesabu zake. Hesabu ikikosewa kidogo kule, huku ni mtaa mwingine kabisa. Mama Blavette alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimebandika ramani ya jiji ukutani, chumba cha kulia. Mama Blavette mwenyewe ameniletea pini kutoka kwenye kikapu chake cha kushonea. Magazeti yamekatazwa kutaja mahali makombora yanapoanguka, kwa hiyo kila jirani anayepita huingia kuniambia alichosikia, nami nachomeka pini. Bwana Wendling hunitajia saa ya kila kishindo.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Familia mbili za ghorofa ya pili zimehamia mashambani na kanari wao.

Jumamosi, 30 Machi

Jana, Ijumaa Kuu, kombora liliangukia kanisa moja ng'ambo ya mto watu wakiwa katika ibada. Nguzo ilivunjika, dari la mawe likawashukia. Wafu ni wengi. Miongoni mwao ni Clarisse, dada yake Bibi Sauvageot, mwenye duka la maziwa na jibini hapa chini. Alikwenda kusikiliza kwaya.

Nilishuka kumpa pole. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ametandika mikono juu ya marumaru kama vitu viwili vinavyosubiri mnunuzi. Nimefundisha jometri miaka mingi, lakini sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa. Nilinunua jibini ambalo silihitaji.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Bibi Sauvageot amefungua duka. Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa akipima siagi huku akisema, kwa sauti ya chini, iliyonyooka:

"Wamelipiga kanisa Ijumaa Kuu, alasiri, saa ya Bwana Yesu kufa. Mniambie ni bahati tu."

"Hapana, hapana," wakamjibu wanawake.

"Kuna mtu ndani ya jiji hili anawaambia. Mzinga una jicho, na jicho linakaa mtaani."

Nilikohoa kidogo, nikaanza kueleza. Kombora likishatoka halirudishwi wala halipindwi. Kule kwenye mzinga hawajui hata kama limeangukia paa au limeangukia mto. Hata kama mtu angewapelekea habari, zingewafikia siku kadhaa baadaye, na hata wangezipata wasingeweza kuchagua kanisa. Hawawezi kuchagua hata mtaa. Tazameni ramani yangu: pini zimetawanyika kama mbegu zilizomwagika.

Bibi Sauvageot aliweka kisu chini. "Mwalimu, unataka kuniambia Clarisse kafa kwa hesabu iliyokosewa kidogo?"

"Kwa bahati mbaya, bibi."

"Basi nimchukie nani? Namba?"

Nilipolipa ndipo nikaona macho yote yameelekea mlangoni. Bwana Wendling alikuwa ameingia na chupa yake ya maziwa, akiwaamkia kwa ile lafudhi yake nzito ya Alsasi, inayofanana na Kijerumani. Hakuna aliyemwitikia.

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya chakula cha mchana Bwana Wendling alikuja kucheza domino, kama kila Jumapili. Hakugusa kipande hata kimoja.

"Jana Mama Blavette aliniuliza tena," alisema. "'Wana wa wenzako wako vitani, Bwana Wendling. Wako yuko wapi?' Nikamwambia sina mtoto."

"Na Materne?" Nilimjua kijana yule tangu akiwa na suruali fupi, kabla baba yake hajahamia jengo hili. Alipotoweka mwaka wa kumi na nne, vita vilipoanza, baba yake alisema amekwenda Amerika, nami nilimwamini.

"Materne yuko kwenye mahandaki, Mwalimu. Sajini, kikosi cha askari wa miguu. Ila jeshini haitwi Materne Wendling. Anaitwa René Vallin."

Akanieleza, nami naandika kwa sababu kitabu hiki husomwa na mtu mmoja tu. Wajerumani walitunyang'anya Alsasi nilipokuwa kijana, na kila anayezaliwa kule ni raia wao. Wendling alivuka mpaka na mtoto mgongoni ili mwanawe asije akavaa kofia ya jeshi lao. Lakini kwenye karatasi zao Materne bado ni wao. Wakimteka akipigana upande wetu, si mateka wa vita, ni msaliti, na msaliti husimamishwa ukutani. Ndiyo maana jeshi letu huwapa vijana wa Alsasi majina ya Kifaransa, na mzazi huambiwa afunge mdomo.

"Mama Blavette akijua leo," alisema, "kesho foleni nzima itajua. Na kwenye foleni kuna mwenye mume mfungwa kule, anayemwandikia barua kila wiki, na Wajerumani huzisoma kwanza."

Ana ombi moja. Jeshini wanataka jina la mtu wa kupelekewa habari. Materne hawezi kutoa jina la Wendling. Nimekubali litolewe langu, Barthélemy Garrigou. Barua za kijana zitakuja kwangu. Nikiulizwa, ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nimeapa sitasema kwa mtu.

Alhamisi, 11 Aprili

Limeangukia hospitali ya uzazi, si mbali na hapa. Nilichomeka pini nikaondoka chumbani.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeeleza tena, safari hii ngazini, kwa chungwa na mshumaa. Watoto wameelewa. Mama Blavette amesema, "Mwalimu anajua kila kitu, masikini," kisha akanishika mkono kwa huruma, kama mtu anavyomshika kipofu kumvusha barabara.

Alhamisi, 2 Mei

Jana mzinga ulipiga, leo umenyamaza. Watu wametabasamu foleni nzima.

Jumapili, 12 Mei

Bado kimya. Jiji zima sasa limeshikwa na hirizi mpya: vikaragosi viwili vya uzi wa sufu, kijana na msichana wake, vilivyofungwa pamoja kwa uzi mmoja. Ukivivaa, kombora halikupati. Sharti usivinunue mwenyewe, lazima upewe. Mama Blavette amekesha akivisuka na kutundika jozi kwenye kitasa cha kila mlango wa jengo hili. Hata mimi nimepewa, nami nimevivaa, kwa sababu mwanamke mzima amekaa usiku ananisukia nisife.

Kitasa cha ghorofa ya nne hakina kitu.

Nilishuka kumwuliza. Alikuwa anamenya viazi.

"Umemsahau Bwana Wendling."

"Sikumsahau," akasema bila kuinua uso. "Yeye wa nini? Anajua litaanguka wapi."

Nilipanda na jozi yangu, nikagonga, nikampa. Aliigeuzageuza kwenye mwanga kama anavyofanya akikagua gurudumu la saa. "Kazi safi," akasema. "Mama Blavette ana vidole vyepesi. Angefaa kuwa fundi." Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 27 Mei

Umeanza tena, na safari hii mtaani kwetu.

Saa mbili asubuhi hivi kombora liliangukia kona, penye nyumba ya kufulia nguo. Nyumba ilikuwa bado imefungwa. Aliyekufa ni farasi wa muuza makaa, na vioo vyetu vyote vya mbele vimepasuka, ingawa tulivibandika karatasi. Nilipofika nje, Bibi Sauvageot alikuwa amesimama katikati ya barabara, maziwa yanatiririka kwenye mfereji, anatazama juu, kwenye dirisha la ghorofa ya nne.

"Mwiteni ashuke! Aje aone!"

"Hayupo," akasema Mama Blavette. Niliona kabisa wazo likimfikia. "Katoka saa kumi na mbili. Hatokagi mapema, yeye. Leo katoka."

Najua alikokwenda. Alikwenda posta ya mbali, upande wa pili wa jiji, ambako hakuna anayemjua, kumpelekea René Vallin soseji na soksi. Alirudi saa nne, kofia mkononi, akauliza nani ameumia. Walimpisha njia kwa upana, kama anayepita na ndoo ya uchafu.

Nikasema kwa nguvu, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba tangu Machi nimekuwa nikichomeka pini, kwamba mtaa huu ulikuwa haujaguswa na siku moja lazima ungeguswa, kwamba Bwana Wendling angekuwa ndiye jicho asingeliitia kombora nyumba anayolala. Muuza makaa alikuwa anamfunika farasi wake gunia.

"Kweli kabisa, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana alitoka."

Jumanne, 28 Mei

Wamekuja wanne na karatasi. Ni malalamiko kwa komishna wa polisi. Yameandikwa kwamba Mjerumani wa ghorofa ya nne huwasha taa usiku (kila fundi saa huwasha taa), ana waya na springi nyingi, hupima makombora kwa saa, na hutoroka kabla hayajaanguka. Kuna sahihi kumi na sita. Majirani ninaowaamkia kila siku.

"Hatukuja utie sahihi tu," alisema Mama Blavette kwa upole. "Tumekuja uturekebishie lugha. Tusije tukachekwa pale."

"Anayepima makombora ni mimi pia. Ramani hiyo hapo."

Wote wakaigeukia ramani, na pini zake. Bibi Sauvageot akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. "Aa, wewe! Wewe ni Mwalimu."

Sikutia sahihi. Nilimwambia Bibi Sauvageot kwamba dada yake hatafufuka kwa jela ya mtu. Akanijibu, "Najua. Lakini nitalala." Wakaondoka na karatasi yao na makosa yake yote. Kwa miezi miwili nimemwona mwanamke huyu kama jeraha. Leo nimeona kwamba jeraha nalo linaweza kushika kalamu.

Ijumaa, 31 Mei

Wamemchukua asubuhi. Polisi wawili, wenye adabu. Alifunga mlango, akamkabidhi Mama Blavette ufunguo, kwa kuwa ndiyo kanuni ya jengo. Alipopita mlangoni kwangu alisema jambo moja tu: "Saa ya ngazini hutiwa ufunguo Jumamosi, Mwalimu. Taratibu. Ni mzee."

Jumamosi, 1 Juni

Niliikunja ramani, nikaenda nayo kwa komishna. Nilisubiri kutwa. Ni mtu mwembamba, amechoka, ana kikohozi.

"Ramani ni yangu," nikamwambia. "Pini ni zangu. Nimeandika saa na mahali pa makombora yote niliyosikia. Kama hilo ni kosa, nikamate mimi."

Aliitazama kwa muda mrefu, kwa hamu ya kweli. Akaniuliza pini ya kombora lililoangukia nyuma ya ofisi yake ni ipi. Nikamwonyesha. Akaikunja ramani vizuri, akanirudishia.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Mimi sisemi ni jasusi. Nina sahihi kumi na sita na mtu aliyezaliwa kwao. Nikimwacha, kesho watamrusha dirishani. Kwenye kambi ya raia wa adui atakuwa salama."

"Mmemhoji?"

"Tumemhoji. Nilitaka kumsaidia. Nikamwuliza kama ana mtoto yeyote jeshini mwetu. Ningeona hata karatasi moja ya namna hiyo, ningeyatupa malalamiko haya kwenye jiko." Akakohoa. "Amesema hana mtoto."

Jina lilinifika mpaka kwenye meno. Karani alikuwa mezani pembeni, anaandika kila neno, na mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa nimeapa. Nilivaa kofia yangu nikatoka.

Alhamisi, 6 Juni

Mzinga unaendelea. Nilimwuliza Mama Blavette: sasa jicho ni nani? "Ana wenzake," akasema.

Jumatano, 12 Juni

Leo umenyamaza. "Unaona?" akasema Mama Blavette. "Tangu aondoke."

Jumatatu, 15 Julai

Umepiga tena. Sikumwuliza mtu kitu.

Jumapili, 28 Julai



Saa tano nilisikia buti ngazini, kisha sauti ya Mama Blavette, tamu kama siku ya harusi. Niliegemea reli nikachungulia. Chini, mlangoni kwake, alikuwa amekaa sajini mwenye sare ya buluu iliyofifia na nishani kifuani. Kahawa mbele yake, mkate wa kadi ya mgao ya Mama Blavette mwenyewe, na siagi. Masikio yalikuwa yale yale ya kijana wa suruali fupi.

"Kula, mwanangu, kula. Umekonda. Na unamtafuta nani?"

"Fundi saa, mama. Rafiki yangu wa kikosini ana saa ya baba yake, kaniomba nimletee."

"Bwana Wendling? Ee Mungu, hujasikia? Yule alikuwa mtu wa Wajerumani! Aliitia mizinga hapa hapa mtaani."

Nikamsikia akiweka kikombe kwenye sahani, taratibu sana.

"Nani aligundua?"

"Mimi," akasema Mama Blavette. "Mimi ndiye niliyemwona akitoka asubuhi ile. Tungojee nini, mpaka atuue sote? Nyinyi mnapigana kule, na sisi huku tunapigana kwa njia yetu."

"Ahsante, mama," akasema Materne Wendling. "Kahawa ni nzuri."

Akapanda. Nilimvuta ndani, nikafunga mlango. Alisimama mbele ya ramani akiwa amenipa mgongo, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Baba yake yuko kambini, magharibi kabisa, pwani. Kijana ana ruhusa ya siku nne, na kibali cha kwenda kule huchukua wiki mbili. Akirudi atamweleza mkubwa wa kikosi, ataandika karatasi, karatasi itapanda ngazi zake.

"Hukumwambia komishna," alisema.

"Niliapa."

"Ulifanya vizuri." Kisha, baadaye sana: "Nadhani."

Aliomba kitu kimoja, kupita ghorofa ya nne. Alikaa kwenye ngazi mbele ya mlango uliofungwa, akala tufaha. Aliposhuka, Mama Blavette alimvisha shingoni jozi mpya ya vikaragosi.

Ijumaa, 9 Agosti

Umepiga siku nzima. Majeshi yetu yanasonga mbele kila upande. Nadhani mzinga utahamishwa kabla haujatekwa.

Jumatano, 14 Agosti

Kimya. Saa ya ngazini imesimama. Nilikuwa nimeitia ufunguo kila Jumamosi, lakini ni mzee, na mimi si fundi. Muuza makaa amelalamika: "Jengo gani hili halina hata saa!"

Jumamosi, 24 Agosti

Karani wa ofisi ya meya alikuja leo asubuhi. Alimwulizia Bwana Garrigou. Nilijua alipovua kofia. Sajini René Vallin ameuawa tarehe kumi ya mwezi huu, mbele ya kijiji ambacho jina lake karani hakuweza kulitamka. Kwa bunduki ya rashasha, yenye mtu nyuma yake, aliyemwona.

Nilikaa mpaka jua likahama ukutani. Kisha nikaelewa kwamba kiapo changu kimekwisha. Hakuna tena wa kusimamishwa ukutani. Siri haina wa kumlinda.

Niliteremka nikawaita wote ngazini, nikawaambia. Jina, kikosi, jina la pili, sababu, soseji na soksi za ile tarehe ishirini na saba Mei. Sikueleza kitu zaidi. Ni mara ya kwanza mwaka huu walinielewa nilipomaliza.

Mama Blavette aliketi kwenye ngazi. "Nilimpa kahawa," akawa anasema, "Mwalimu, nilimpa kahawa kwa mkono wangu." Muuza makaa alisema, "Angesema tu! Mbona hakusema?" Mwingine akasema yeye siku zote alimwona ni mtu mwema. Wanataka kuchanga kwa ajili ya misa. Bibi Sauvageot alikwenda akateremsha mlango wa duka lake, mchana kweupe.

Nilifikiri chuki ingenipa nafuu, kama yeye alivyofikiri. Haikunipa. Niliwatazama mmoja mmoja nikaona watu wale wale walioniletea pini.

Lakini machozi yao hayaendi kambini. Karatasi yenye sahihi kumi na sita bado iko mezani kwa komishna, inafanya kazi yake kila siku, na mzee mmoja kule pwani bado hajui kwamba hana tena mtu wa kumficha. Kwa hiyo nimeandika maneno yafuatayo kwa herufi kubwa, nikayabandika chini, chini ya saa iliyosimama, mahali ambapo kila mtu lazima apite:

Wewe uliyetia sahihi: ofisi ya komishna hufungwa saa kumi na moja. Nenda leo ukaifute.